Nani wa Kumhukumu Askari?

Katika darasa yetu ya baada ya sala ya Magharibi tulifika mlango wa vita, tukasoma yale yaliyokatazwa ndani yake: kumuua mwanamke na mtoto, kumuua mzee na mtawa asiyepigana, kuwakatakata waliokwisha kufa, na kuvunja amani baada ya kuitoa. Tulipokwisha kuyaeleza, kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi akauliza: "Sheikh, haya tumeyafahamu. Lakini askari akiyatenda, ni nani wa kumshitaki, na atashitakiwa mbele ya nani? Bunduki anayo yeye, na mkubwa wake ndiye aliyemtuma." Jawabu tulilompa usiku ule lilikuwa fupi, na tuliporejea nyumbani tukaona kuwa halikutosha. Kwa hivyo twaliandika hapa kwa urefu kidogo.

Tumechagua mashauri mawili ya nchi moja, nayo ni Marekani. Hatukuichagua kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyotenda maovu kuliko wengine. Tumeichagua kwa sababu maandiko ya mashauri yake yamechapishwa, na kila apendaye aweza kuyasoma. Na yako mataifa yaliyotenda makubwa zaidi yasiache hata karatasi moja.

Kwanza msomaji ashike tofauti hii, kwani ndiyo ufunguo wa maneno yote yatakayofuata. Ziko mahkama za raia, ambazo sote twazijua. Iko mahkama ya kijeshi, ambayo imewekwa na sheria iliyotungwa na bunge ili imhukumu askari wa jeshi lile lile akikosa; ina kanuni zake zilizoandikwa, na mshitakiwa hujua mapema ni ushahidi gani utakaokubaliwa na upi utakaokataliwa. Kisha iko tume ya kijeshi. Hii huundwa na jemadari wakati wa vita, aghlabu kwa ajili ya adui aliyeshikwa, na kanuni zake huziandika jemadari yule yule au wakubwa wake. Wanaokaa kuhukumu katika hizi mbili za mwisho aghlabu ni maofisa wa jeshi, na kwa mbali zaonekana kama kitu kimoja. Lakini moja ni nyumba iliyojengwa kabla ya mgeni kufika, na nyingine hujengwa baada ya mgeni kushikwa, kwa kipimo chake yeye.

Wanaotetea kuwa jeshi lihukumu makosa ya vita wana hoja zao, na si za kudharauliwa. Husema kuwa mashahidi wako huko huko vitani. Kuwa miji imebomoka na mahakimu wamekimbia, na aliye na uwezo wa kusimamisha hukumu ni jeshi peke yake. Na kuwa ofisa aliyeonja vita hujua lipi lilikuwa lazima na lipi lilikuwa ukatili, kuliko hakimu aliyezoea mashauri ya mashamba na madeni. Haya yote yana ukweli ndani yake. Shauri la kwanza lilianza kwa hoja hizi hizi.

Jenerali Yamashita Tomoyuki ni yule Mjapani aliyeitwaa Malaya na Singapore, hata Waingereza wakasalimu amri kwake tarehe 15 Februari 1942. Katika Oktoba 1944 alipelekwa Philippines kuongoza jeshi la huko, na hata majuma mawili hayakutimia, Wamarekani wakateremka kisiwani Leyte, tarehe 20 ya mwezi ule. Yamashita alijiondoa akaenda milimani, kaskazini ya Luzon, wala hakutaka kuupigania mji wa Manila. Lakini kikosi cha wanamaji wa Kijapani kilibaki mjini, na katika Februari 1945 vita vikapiganwa nyumba kwa nyumba. Wakazi waliokufa wakadiriwa kufika takriban 100,000. Wengine waliuawa na mizinga ya Wamarekani, lakini wengi waliuawa kwa makusudi na Wajapani, na miongoni mwao walikuwamo watoto, wagonjwa waliolala vitandani, na watu waliokimbilia makanisani. Asije mtu akadhani kuwa twalipunguza jambo hili. Ni katika mambo mabaya kabisa ya vita vile.

Yamashita alisalimu amri Baguio tarehe 3 Septemba 1945, na mwezi ule ule haujesha akapewa hati ya mashtaka. Hati ilisema kuwa aliacha kutimiza wajibu wake wa kuwazuia askari waliokuwa chini yake, akawaachia wakatenda ukatili. Haikusema kuwa aliamrisha. Wala haikusema kuwa alijua.

Waliokaa kumhukumu ni majenerali watano wa Kimarekani, na hakuna hata mmoja kati yao aliyesomea sheria. Aliyeamuru tume iundwe ni Jenerali MacArthur, ambaye Wajapani walimtoa Philippines mwaka 1942, naye akarudi kwa vita. Kanuni za ushahidi zilitoka katika ofisi yake, na hukumu ikitoka yeye ndiye wa kuithibitisha. Kanuni zile zilikubali maneno ya mtu asiyekuwapo, yaliyoandikwa kwenye karatasi, na maneno ya kusikia kwa mtu aliyesikia kwa mwengine. Mashtaka yalikuwa 64. Siku ya kwanza ya kusikilizwa, tarehe 29 Oktoba, yakaongezwa mengine 59, jumla yakawa 123. Mawakili wakaomba muda wayachungue haya mapya, wakanyimwa. Mashahidi 286 wakasikilizwa. Tarehe 7 Disemba 1945 akahukumiwa kunyongwa, nayo ilikuwa siku ile ile ambayo, miaka minne kabla, Wajapani waliishambulia Pearl Harbor. Hatusemi kuwa siku hiyo ilichaguliwa, twaitaja tu.

Hapa hatuna budi kuwataja mawakili wake. Walikuwa maofisa wa jeshi la Marekani, waliamrishwa kumtetea, na kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kuifanya kazi ile nusu nusu. Wao waliifanya kazi kamili. Walipoona kuwa shauri linaendeshwa pasina haki walilipeleka Mahkama ya Juu ya nchi yao, kinyume cha jemadari wao wenyewe, na mmoja wao, Frank Reel, akaja kuandika kitabu juu yake mwaka 1949. Mtu kumtetea adui wa taifa lake mbele ya mkubwa wake, na vita vimekwisha jana, ni jambo ambalo twapenda wanafunzi wetu walijue, hata kama aliyelitenda si katika watu wetu.

Mahkama ya Juu ilitoa hukumu tarehe 4 Februari 1946. Majaji sita walikataa ombi, wawili wakapinga, na mmoja, Robert Jackson, hakuwapo kwa kuwa alikuwa Nuremberg akiwashitaki Wajerumani. Jaji Mkuu Stone alisema kuwa kazi yao si kuangalia kama Yamashita ana hatia au hana. Wao huangalia jambo moja tu: je, tume ile ilikuwa na mamlaka ya kumhukumu? Akasema ilikuwa nayo, kwani Bunge la Marekani limezitambua tume za namna hii katika sheria zake za jeshi, na vita havihesabiwi kuwa vimekwisha mpaka mkataba wa amani uwekwe. Ukasomwa pia Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929, uliosema kuwa mfungwa wa vita ahukumiwe na mahkama zile zile, na kwa taratibu zile zile, zinazotumika kwa askari wa nchi iliyomshika. Lau kanuni hii ingalifuatwa, Yamashita angalipata haki zote za ofisa wa Kimarekani. Lakini majaji wale sita wakasema kuwa kanuni hiyo yahusu makosa ayafanyayo mtu akiwa kifungoni; ama makosa ya kabla ya kushikwa, hayamo. Kwa tafsiri hiyo moja mlango ukafungwa.

Waliopinga ni Rutledge na Murphy. Rutledge alishikilia utaratibu: muda ulionyimwa, na ushahidi wa kusikia. Murphy alishikilia kosa lenyewe, akasema kuwa Wamarekani walipigana kwa nguvu zao zote ili kuyakata mawasiliano ya Yamashita na kulivunja jeshi lake, wakafaulu, kisha wakamhukumu kwa kutokuwa na habari za askari wake na kutowaweza. Na msomaji ajue kuwa huyu Murphy alikuwa Gavana Jenerali wa Philippines tangu mwaka 1933 hata 1935. Watu wa Manila walikuwa raia zake. Haikumkinika kuambiwa kuwa hana huruma nao.

Yamashita alinyongwa tarehe 23 Februari 1946. Nasi hatusemi kuwa alikuwa mtu mwema. Huko Singapore, katika majuma ya kwanza ya ushindi wake, Wachina wengi walikusanywa na jeshi lililokuwa chini yake wakauawa. Lakini hilo silo aliloshitakiwa nalo Manila. Na mtu hanyongwi kwa dhambi aliyoachiwa nyuma badala ya ile iliyoandikwa kwenye hati.

Sasa tugeuze ukurasa miaka 22. Tarehe 16 Machi 1968 kikosi cha Kimarekani kiliingia kijiji cha My Lai, nchini Vietnam. Kiongozi wa kikosi kizima alikuwa Kapteni Ernest Medina, na chini yake alikuwako Luteni William Calley. Hawakukuta jeshi la adui. Wakaua wanawake, wazee na watoto wachanga, wengine wakawapanga penye mtaro wakawapiga risasi. Hesabu ya jeshi la Marekani ni watu 347. Ya Wavietnamu ni 504. Rubani mmoja wa helikopta, Hugh Thompson, aliyaona kutoka juu, akateremsha helikopta yake baina ya askari wenzake na wanakijiji, akaokoa waliookoka. Kisha khabari ikafunikwa mwaka mzima na zaidi. Ilifunuliwa na askari mmoja ambaye hakuwako siku ile. Alisikia kwa wenzake, akaandika barua kwa wakubwa wa serikali na wabunge katika Machi 1969, na Novemba ya mwaka ule magazeti yakaitangaza.

Hawa walikuwa askari wa Marekani wenyewe, kwa hiyo hapakuwa na tume. Walipelekwa mahkama ya kijeshi, yenye kanuni zote na mawakili wote. Wala hawakushitakiwa kwa jina la makosa ya vita. Sheria ya jeshi lao yaruhusu hivyo, lakini desturi yao ni kumshitaki askari wao kwa mauaji ya kawaida, chini ya sheria yao ya ndani. Calley alihukumiwa na maofisa sita huko Fort Benning, na tarehe 29 Machi 1971 akaonekana ana hatia ya kuua watu wasiopungua 22. Siku mbili baadaye akapewa kifungo cha maisha. Siku ya pili yake Raisi Nixon akaamuru atolewe gerezani akae nyumbani mwake chini ya ulinzi. Kifungo kikapunguzwa kikawa miaka 20, kisha 10, na Novemba 1974 akaachiliwa. Alikufa mwaka 2024, umri umemwendea. Katika wote walioshitakiwa kwa siku ile, ni yeye peke yake aliyepatikana na hatia.

Na Medina? Huyu ndiye tunayemtaka katika somo hili, kwani yeye ndiye mkubwa, kama Yamashita alivyokuwa mkubwa. Shauri lake lilisikilizwa mwaka ule ule wa 1971. Hakimu aliwaeleza waliokaa kumhukumu kuwa mkubwa hawezi kubeba hatia ya askari wake illa ithibitike kuwa alijua kwa yakini wanayoyatenda, kisha akaacha kuwazuia. Medina akasema hakujua mpaka mambo yalipokwisha. Walishauriana kama saa moja, wakamwachilia.

Pima, ewe msomaji. Medina alikuwa pale pale kijijini asubuhi ile, na simu ya upepo iko karibu naye. Yamashita alikuwa milimani, maili zaidi ya 100 kutoka Manila, na mawasiliano yake yamekatwa. Mmoja aliambiwa: lazima ithibitike kuwa ulijua. Mwengine aliambiwa: ulikuwa mkubwa wao, yatosha. Wako wanasheria wasemao kuwa mashtaka hayakuwa ya namna moja na kwa hivyo hayalinganishwi. Twakubali kuwa hayakuwa ya namna moja. Lakini aliyechagua namna ya mashtaka, na aliyechagua mahkama, mara zote mbili ni jeshi lile lile. Huenda kipimo cha Medina ndicho cha haki. Huenda cha Yamashita ndicho. Haiwezekani kuwa kimoja ni haki kwa mtu wetu na cha pili ni haki kwa mtu wao.

Wala tusijidanganye kuwa tarikhi yetu imesalimika. Wanafunzi wetu hupenda kuitaja kadhia ya Samarkand, na ni kweli kuwa ni ya kutajwa. Mji ule uliingiwa na jeshi la Qutaiba bin Muslim mwaka 93 wa Hijra. Alipotawala Umar bin Abdulaziz, wenyeji walimpelekea malalamiko kuwa mji wao uliingiwa kwa hila. Umar hakulirudisha shauri kwa maamiri wa jeshi. Aliamrisha awekwe kadhi alisikilize. Na kadhi akahukumu kuwa Waislamu watoke mjini, kisha wakabiliane na wenyeji sawa kwa sawa. Wenyeji wenyewe ndio waliochukia kurejea vitani, wakaridhika mambo yakae yalivyo. Haya ameyapokea Baladhuri. Kadhi alikuwa Mwislamu, jeshi lilikuwa la Waislamu, na waliomshitaki walikuwa si Waislamu. Lakini shauri lile lilikuwa la mji, halikuwa la damu. Na Qutaiba mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Kadhia za namna hii katika vitabu vyetu ni chache kuliko wingi wa hotuba tunazozitolea.

Turudi kwenye sheria. Walioandika Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 walilikumbuka shauri la Yamashita, wakaufungua ule mlango uliofungwa. Waliandika wazi kuwa mfungwa wa vita akishitakiwa hata kwa kosa la kabla ya kushikwa, haki zake zote zabaki, na kuwa hukumu yake si sahihi illa itolewe na mahkama zile zile na kwa utaratibu ule ule wa askari wa nchi iliyomshika. Kenya yetu iliingia katika mikataba hii mwaka 1966.

Walakini tume hazikufa. Tarehe 13 Novemba 2001 Raisi wa Marekani aliamuru ziundwe tena, na watu wakapelekwa Guantanamo, kisiwani Cuba. Tarehe 29 Juni 2006, katika shauri la Myemeni aliyekuwa dereva wa Usama bin Laden, Mahkama ya Juu ilihukumu kuwa tume zile hazikuwa halali, kwa kuwa zilikhalifu sheria ya jeshi lenyewe na Mikataba ya Geneva. Aliyeiandika hukumu hiyo ni Jaji Stevens. Na huyu Stevens, alipokuwa kijana, mwaka 1947 aliajiriwa kuwa karani wa Jaji Rutledge, yule yule aliyepinga katika shauri la Yamashita. Miezi michache tu baadaye Bunge likatunga sheria mpya kuzirudisha tume hizo kwa sura nyengine. Na khabari hii si ya mbali kwetu: yuko Mkenya aliyekamatwa hapa Mombasa mwaka 2007, akafungwa Guantanamo, na hakurudishwa Kenya mpaka Disemba 2024. Muda wote huo hakushitakiwa mbele ya tume wala mbele ya mahkama yoyote. Wajuzi wa sheria hubishana juu ya mamlaka ya mahkama fulani. Huyu hakuiona mahkama ya kubishana nayo.

Limebaki jambo moja, la askari aliyekwisha kuvua nguo za jeshi. Mwaka 1955 Mahkama ya Juu ya Marekani ilihukumu kuwa aliyetoka jeshini hawezi kurudishwa mbele ya mahkama ya kijeshi, kwani sasa ni raia. Hukumu yenyewe ilikuwa njema, ya kumlinda raia na mkono wa jeshi. Lakini mahkama za raia nazo hazikuwa na mamlaka juu ya mauaji yaliyofanyika ng'ambo, na kwa hivyo baadhi ya waliokuwako My Lai, waliokwisha kwenda kwao mambo yalipofunuka, walianguka katikati ya mahkama mbili wasishikwe na yoyote. Pengo hili lilizibwa kwa sheria ya mwaka 2000. Machi 2006, karibu na mji wa Mahmudiya, Iraq, askari wa Kimarekani waliingia nyumba ya watu wakaua baba, mama na binti wawili, mmoja wao baada ya kumnajisi. Waliokuwa bado jeshini walihukumiwa na mahkama ya kijeshi. Mmoja, aliyekuwa amekwisha kuachishwa kazi, alishitakiwa Kentucky mbele ya hakimu wa raia na baraza la raia, na mwaka 2009 akapewa kifungo cha maisha kisicho na msamaha. Twaona kuwa raia wale wa kawaida, ambao hawakuwahi kuiona Iraq, hawakushindwa kufahamu kilichotendeka katika nyumba ile.

Ama kipimo cha mkubwa, Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioweka Mahkama ya Kimataifa ya Jinai, umesimama katikati ya Yamashita na Medina: mkubwa wa jeshi ana hatia kama alijua, au kama kwa hali ilivyokuwa ilimpasa kujua, kisha asifanye aliloweza kuzuia au kuadhibu. Kenya iliuthibitisha mwaka 2005, Marekani haimo. Na kipimo hiki nacho hakijatulia. Jean-Pierre Bemba wa Kongo alihukumiwa nacho mwaka 2016, miaka 18, kwa waliyoyatenda askari wake katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 2018 majaji wa rufaa, watatu kwa wawili, wakamwachilia, na moja katika hoja zao ni kuwa alikuwa mbali na jeshi lake, katika nchi nyengine.

Kijana aliyeuliza alikuwa na swali la pili, nalo ni la yule mdogo: je, yatosha kwake kusema kuwa aliamrishwa? Calley naye alilisema hilo. Tutalieleza katika toleo lijalo, inshaallah.